Ugonjwa Usiotaka Sindano

Dada yangu alianza kwa kuwashwa viganja. Alikuwa kwenye kiti cha kuegemea, mkono wa kushoto umenyooshwa juu ya mto, dripu inashuka tone kwa tone. Mimi nilikuwa nimekalia ndoo yetu ya plastiki, maana benchi la wasindikizaji lilikuwa limejaa. Akavitazama viganja vyake, akacheka.

"Mdogo wangu, vinaniwasha vyote viwili. Leo napata hela."

Mama wa kiti cha jirani, naye na dripu yake, akadakia: "Zikija tugawane. Humu tumeumia wote."

Tukacheka. Tulikuwa tumetoka Mpanda kwa basi, tukalala njiani, tukafika hospitali ya kanda tumechoka mpaka mifupa. Titi la kulia walikuwa wameshalikata. Dawa ya kwanza, ile nyekundu, ilikuwa imemmaliza nywele na kumtapisha, lakini alikuwa ameizoea, akawa anaiita soda. Hii ya siku hiyo ilikuwa dawa ya pili, nyeupe kama maji, na ndiyo mara ya kwanza anapewa.

Halafu akaacha kucheka. Uso ulimwiva. Shingoni yakatoka mabaka kama mtu aliyepitiwa na upupu. Akaanza kukohoa kikohozi kikavu, akashika kifua, akasema, "Mgongo. Mgongo unakatika." Nilisimama, ndoo ikaanguka. Kabla sijamaliza kupiga kelele, nesi alishafika na kuifunga ile dripu. Wakaja wengine. Wakamlaza, wakamwekea hewa ya puani, wakamchoma sindano ya kwanza na ya pili, wakamtundikia maji ya kawaida. Mimi nilisukumwa mpaka ukutani. Nilibaki nimeushika ukuta kana kwamba ndio unaoanguka.

Baada ya muda mabaka yakaanza kupotea. Akavuta pumzi ndefu, akanitafuta kwa macho.

"Hela zenyewe ndiyo hizi?" akauliza.

Nasema haya kwa urefu kwa sababu nataka ijulikane. Hospitali haikumuua dada yangu. Na kilichomrudisha siku ile ilikuwa ni sindano.

Daktari alikuja akakaa pembeni ya kitanda. Alikuwa kijana, umri wa mdogo wetu wa mwisho, lakini alimwita mama na alizungumza taratibu.

"Mama, hiyo ni aleji. Mwili umeshtuka. Inatokea kwa watu na hii dawa, hasa mara ya kwanza."

"Kwa hiyo nitakufa na kansa au nitakufa na dawa? Nichagulie."

"Hutakufa na dawa, maana sasa tumeshajua. Nitakupa vidonge. Utavimeza usiku wa kuamkia siku ya dawa, na alfajiri yake tena. Ukifika hapa tutakuchoma sindano ya kuzuia, halafu dripu itakwenda polepole sana. Na mimi mwenyewe nitasimama hapa."

"Utasimama mwenyewe?"

"Nitasimama."

"Haya. Na mimi nitavileta viganja vyangu."

Siku hiyo hawakuendelea. Walimwangalia mpaka kesho yake, wakatupa tarehe ya kurudi, tukapanda basi. Vile vidonge nilivifunga kwenye pindo la kanga yangu, na njia nzima nilikuwa navigusa kama mtu anayegusa mfuko penye wezi.

Tulifika kwetu Ilembo watu wanapukuchua mahindi. Nyumba ya dada ilikuwa ya kwake mwenyewe. Mume alifariki zamani, na watoto walikuwa wakubwa, wamekwenda kutafuta maisha. Majirani na ndugu walikuja kumpa pole, na kila aliyekaa chini alipewa mahindi apukuchue, na dada akamsimulia. Alikuwa fundi wa kusimulia. Alijikuna kama alivyojikuna, akakohoa kama alivyokohoa, akaniigiza mimi nikikumbatia ukuta. Watu walicheka mpaka punje zikamwagika.

Bamkubwa hakucheka. Huyu ni kaka wa baba yetu. Baba alipofariki ndiye aliyetulea, na ng'ombe wake ndio waliotupeleka hospitali mara zote tulizokwenda. Aliweka gunzi chini.

"Rudia hapo," akasema. "Walipokuchoma ndipo ulipokata pumzi?"

"Ilikuwa dripu, baba. Dawa iliyokuwa ndani ya dripu."

"Dripu si ina sindano?"

"Inayo."

"Basi." Akasimama, akakung'uta suruali. "Huo ugonjwa hautaki sindano."

Asiyekulia kwetu hawezi kujua uzito wa maneno hayo. Kuna magonjwa ambayo watu husema hayataki sindano, kwamba mgonjwa akichomwa anakufa papo hapo. Nimeyasikia tangu nabebwa mgongoni. Na kila mtu ana ushahidi wake: mtoto wa fulani alikuwa mzima, akachomwa, akafa. Hawasemi kwamba huyo mtoto alikaa ndani na homa mpaka macho yakageuka ndipo akapelekwa. Sijawahi kumsikia mtu akisema ugonjwa huu hautaki kucheleweshwa. Lawama siku zote inaangukia sindano, kwa kuwa ndiyo inayofika mwisho.

Wale wale waliokuwa wanacheka walianza kutikisa vichwa. Shangazi akasema na yeye alikuwa amelifikiria hilo. Jirani mmoja akakumbuka mtu wa kwao. Kabla jua halijazama, kile kisa cha viganja kilikuwa kimegeuka ushahidi, na aliyekitoa ni dada mwenyewe, kwa mdomo wake, huku akitaka kuwachekesha.

Nilisema. Sitaki kujifanya nilinyamaza, kwa sababu sikunyamaza. Nilifungua pindo la kanga, nikaonyesha vidonge, nikaeleza kama daktari alivyoeleza. Usiku, alfajiri, sindano ya kuzuia, dripu polepole.

"Sindano ya kuzuia sindano?" bamkubwa akauliza, na watu wakaguna.

"Ndiyo, baba. Na iliyomwamsha siku ile ilikuwa sindano. Niliona kwa macho yangu."

"Wewe uliona ukuta," shangazi akasema. "Si tumesimuliwa sasa hivi kwamba ulikuwa umeukumbatia?"

Wakacheka tena. Nikakaa. Mimi ni mtoto wa kike, mdogo, niliyeishia darasa la saba, na siku hiyo nilipewa gunzi niendelee kupukuchua.

Lakini dada alikuwa ameamua kwenda. Nisimsingizie kwamba hakuogopa. Aliogopa sana, na tulipobaki wawili aliniambia kwamba kifua kilivyobana ilikuwa kama kufungiwa ndani ya debe. Hata hivyo alisema, "Yule mtoto amesema atasimama. Nitakwenda nimkute kama amesimama." Tarehe ilipokaribia akafua kanga zake, akakaanga karanga za njiani, akapanga begi. Tiketi tulishakata.

Asubuhi ya safari bamkubwa alifika na wazee wengine wa ukoo. Hawakuingia ndani. Walisimama uani na fimbo zao kama watu waliokuja kuangalia mnyama anayeuzwa. Dada alitoka na begi mkononi, mimi nyuma yake na ndoo.

Bamkubwa hakugomba. Angegomba ningemchukia kwa urahisi zaidi. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Mwanangu, mimi nimemzika baba yako, nimemzika mama yako. Siwezi kukusindikiza ukachomwe ufe."

"Baba, nisipokwenda nitakufa pia."

"Utatibiwa. Kuna mtaalamu upande wa Mishamo, anatibu kwa kunywesha. Nimeshazungumza naye." Kisha akainua fimbo, akaielekeza barabarani. "Lakini ukipanda hilo basi, mimi siji kukuzika. Na hakuna wa ukoo huu atakayekuja."

Kwetu huwezi kumwambia mtu neno baya kuliko hilo. Mtu anaweza kuvumilia njaa, anaweza kuvumilia kupigwa. Kufa ukakosa watu wako wa kukuteremsha kaburini, kulala chini kama mbwa aliyegongwa, hilo hakuna anayelivumilia hata kwa kulifikiria. Nilimwona dada akitazama zile fimbo moja baada ya nyingine. Kisha akaweka begi chini. Aliliweka polepole, kama vile ndani yake kulikuwa na mayai.

Basi liliondoka. Karanga walizila wale wazee.

Alipakiwa kwenye pikipiki kwenda huko kwa mtaalamu, mimi kwenye pikipiki ya nyuma. Alipewa magome ya kuchemsha na unga mweusi wa kulamba. Mwanzoni alifanya mzaha. "Ugonjwa wangu una madeko," alisema. "Hautaki sindano, unataka chai." Tulirudi na kiroba cha magome. Mihogo ikavunwa, ikaanikwa, ikakauka, naye akaendelea kunywa. Kidonda kikafunguka palepale walipokata. Uvimbe ukahamia kwapani, na ile mizaha ikaisha.

Tarehe nyingine ya hospitali ilipita, na nyingine. Mara kwa mara simu ililia, sauti ya mwanamke ikiuliza kama mgonjwa wetu anakuja. Dada alinikataza kuwaambia ukweli. Alisema ataona aibu. Aone aibu yeye! Nilijibu kwamba tuko njiani.

Maumivu yalipozidi tulikwenda hospitali ya mkoa, na hata huko bamkubwa alikaa mlangoni mwa wodi akahakikisha hachomwi. Akaruhusu dawa ya maji ya maumivu, kwa kuwa ilikuwa ya kunywa. Ilimsaidia. Nawashukuru walioitoa. Lakini nilikuwa namtazama yule mzee amekaa pale mlangoni kama mlinzi, na moyoni nikasema maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Mchana mmoja, tukiwa nyumbani, dada aliniuliza, "Vile vidonge vya aleji bado unavyo?"

"Ninavyo."

"Nipe nivione."

Nilifungua pindo. Alivishika, akavigeuza, karatasi yake ya rangi ya fedha ikamulika kidogo ukutani.

"Yule mtoto atakuwa bado amesimama?"

Nilimwambia sijui. Alinirudishia vidonge, akageukia ukuta, na hakumtaja tena.

Alifariki mvua za kwanza zikianza.

Bamkubwa alikuja kumzika. Alikuwa amesema hatakuja kama dada atapanda basi, na dada hakupanda, kwa hiyo akaja. Ukoo wote ukaja. Alivaa koti lake la suti, alisimama mbele ya watu, na yeye ndiye aliyepokea pole. Niliwatazama watu wakiinama mbele yake, wakimshika mkono kwa mikono miwili, pole mzee, pole mzee, umempigania mwanao. Nilikuwa nimekaa na wanawake chini ya turubai, nikijing'ata ndani ya shavu mpaka nikaonja damu.

Pale makaburini ndipo mtani alipotokea. Huyu ni mama wa Kapalamsenga anayeuza migebuka na dagaa mjini. Ukoo wao na wetu ni watani tangu mababu, na yeye na dada walikuwa wakitukanana sokoni miaka yote kama watu wanaolipwa. Mtani msibani ana ruhusa. Anaweza kumwiga marehemu, kulala kaburini, kuwatukana wazee, na hakuna wa kumkasirikia. Ukimkasirikia mtani, wewe ndiye uliyekosa.

Alikuja amevaa shuka jeupe kama koti la nesi. Begani alikuwa na jembe. Kwenye mpini alikuwa amening'iniza chupa ya maji, na kutoka kwenye chupa umetoka mrija wa jani la papai, mwisho wake ameufunga kwenye mkono wake mwenyewe.

"Nipisheni, nipisheni! Nesi nimefika! Mgonjwa wangu yuko wapi?"

Watu wakaanza kucheka kwa chini. Akapita katikati ya wanaume mpaka mbele ya bamkubwa.

"Mzee, mgonjwa wangu nimeambiwa hataki sindano. Ni yeye alikataa au ni nyie?"

"Toka hapa, mla dagaa," bamkubwa akasema, kama mila inavyotaka.

"Natoka, lakini nijibu kwanza. Maana naona haya majembe mmemkubalia." Akaligusa lile rundo la udongo kwa mguu. "Mmeleta majembe mengi tu. Hakuna hata mmoja wenu aliyesema ugonjwa huu hautaki jembe?"

Wakacheka. Walicheka makaburini kote. Wazee walishikana mabega, shangazi alijifunika uso na kanga huku anatikisika. Bamkubwa mwenyewe alicheka, akafuta machozi, akamtia mtani kitu kidogo mkononi ili anyamaze, na mtani akanyamaza, kwa sababu hivyo ndivyo inavyokwenda. Maneno niliyoyabeba miezi yote yalitamkwa mbele ya ukoo mzima, wazi, na yakaishia pale kama kichekesho.

Baadaye alikuja kukaa karibu yangu. Chupa ilikuwa bado mkononi. Alikuwa analia, na shuka limechafuka udongo.

"Nimesema, mdogo wangu. Umenisikia?"

"Nimekusikia. Wamecheka."

"Hiyo ndiyo ruhusa niliyo nayo," akasema.

Siku ya kuanua matanga ukoo ulikaa. Msemaji alisimama kueleza ugonjwa wa marehemu, kama kawaida. Akasema binti yetu aliugua ugonjwa usiotaka sindano, na sisi kama ukoo tulijitahidi. Kisha akauliza kama kuna mwenye neno.

Tulijitahidi! Nilisimama. Mimi si mtani wao, na sikuvaa shuka. Nilisema dada alipata aleji, na kwamba aleji ina dawa, na dawa hizi hapa. Nilisema alitaka kwenda, begi lake lilikuwa limepangwa, na kilichomrudisha ndani ni kutishiwa kuachwa bila kuzikwa. Nilisema sijui kama angepona, daktari hakutuahidi, inawezekana tungekaa hapa hapa tukianua matanga haya haya. Lakini angekwenda. Angemkuta yule kijana amesimama.

Hakuna aliyecheka. Kwa muda kidogo nilidhani nimesikika. Kisha shangazi akasema, "Mshikeni huyo, uchungu unamsumbua," na wanawake wawili wakanishika mikono, wakanikalisha, wakaniletea maji, wakanipepea. Mtu akasema nilale. Msemaji akaendelea na mambo ya mashamba. Akisema mtani, ni mzaha. Nikisema mimi, ni uchungu. Sijui katika ukoo wetu neno la kweli linatakiwa lisemwe na nani.

Bamkubwa peke yake aliinama. Alikuwa anatazama makubazi yake.

Tangu hapo amekuwa akija kwangu na maziwa. Anakuja na kidumu, anakiweka kibarazani, anakaa. Namwamkia kwa kuwa nimelelewa hivyo. Ninapokea maziwa, ninaosha kidumu, ninamrudishia. Hatuongei. Hasira yangu haijapungua, na watu wanaoniambia itapungua sijawauliza.

Juzi alikaa zaidi ya kawaida. Nilikuwa napepeta mchele. Akakohoa, akasema, "Vile vidonge. Unavyo?"

Nilifungua pindo la kanga. Nilimpa. Alivishika kwenye kiganja chake kikubwa kilichochanika kwa kamba za ng'ombe, akavisogeza karibu na macho, akavisogeza mbali.

"Ndivyo hivi? Vidogo hivi?"

"Vidogo hivyo, baba."

"Kumeza tu? Na maji?"

"Na maji."

Akainamisha kichwa. Mabega yalianza kumtikisika, na vile vidonge vikawa vinalia kidogo ndani ya karatasi yao. Kwetu mtu akiwa katika hali ile unamwambia pole. Hata adui yako unamwambia. Linatoka lenyewe, mdomo umelizoea kabla hujafikiri.

Niliendelea kupepeta mchele. Sikumwambia.